Kununua au Kuuza? Matayarisho ya Mtu Mzima Kabla ya Kuanza Kichina

Kiongozi wa kikundi na ahakikishe kwamba kila mtu ana penseli, na kwamba kipo kipande kimoja cha karatasi nyepesi, chembamba kama kidole. Tutakihitaji katikati ya somo.

Leo nitasema juu ya lugha ya Kichina, lakini sitawafundisha Kichina. Kazi hiyo ina walimu wake. Nitasema juu ya jambo linalotangulia, yaani jinsi yanavyotengenezwa masomo ya kujifunzia mwenyewe kwa njia ya intaneti, kwa ajili ya mtu mzima anayejitayarisha kuingia darasa la Kichina. Pengine mmoja wenu atauliza, "Sisi tumeanza juzi kuandika majina yetu, na huyu anatuletea mambo ya Uchina?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba masomo hayo yamekwisha kuwafikia. Yamo katika simu za watoto wenu, mengine ya bure na mengine ya kuuzwa. Mwenye ufuta wake anataka kujua mnunuzi anasema nini na mwenzake. Kijana anataka kazi ya usimamizi kwa mkandarasi Mchina. Mama mwenye duka sokoni Majengo anasikia kwamba wenzake wa Kariakoo huenda wenyewe Guangzhou kuchukua bidhaa. Wote hawa hufungua simu, hununua bando, hufuata somo siku nne au tano, kisha huacha na kusema, "Mimi nimezeeka, kichwa kimekauka." Mara nyingi kichwa hakina ubaya wo wote. Somo ndilo lililotengenezwa vibaya. Basi yafaa mtu mzima ajue kulipima somo kabla ya kulipa fedha zake, kama anavyolipima jembe kabla ya kulinunua.

Uchina si mgeni kwetu. Radio ya Peking ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Kati ya mwaka 1970 na 1975 mafundi wa Kichina walijenga pamoja na Watanzania na Wazambia ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na katika kambi zile mambo mengi yalisemwa kwa mikono kuliko kwa midomo. Hapa Dodoma, Chuo Kikuu chetu kina Taasisi ya Confucius inayofundisha Kichina tangu mwaka 2013. Kwa hiyo mwalimu yupo. Shida ni siku za kwanza, kabla hujamfikia mwalimu huyo, au miezi ile ambayo uko shambani Mpwapwa au Chemba nawe wataka kujitayarisha peke yako.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Katika Kichina kuna neno mǎi. Maana yake ni kununua. Kuna na neno mài. Maana yake ni kuuza. Mnaosoma karatasi mtaona kwamba herufi ni zile zile, na tofauti yake ni kile kialama kidogo kilichokaa juu ya herufi a. Mnaosikia radio mmesikia tofauti yenyewe: katika neno la kwanza sauti inashuka chini na kukaa huko, kisha inainuka kidogo, katika neno la pili sauti inaanza juu na kuanguka ghafula, kama mtu anayeamuru, "Toka!" Ufuta kwa Kichina ni zhīma. Basi mǎi zhīma ni kununua ufuta, na mài zhīma ni kuuza ufuta. Fikirini mtu aliyetoka na magunia yake 40 akasimama mbele ya mnunuzi, naye hawezi kusema kama amekuja kununua au kuuza. Huyo hakukosa neno. Neno analo kinywani. Alichokosa ni mwendo wa sauti, ambao wataalamu huuita toni.

Kichina sanifu kina toni 4. Ya kwanza ni ya juu, nayo haipandi wala haishuki, kama mtu anayevuta sauti moja katika wimbo. Ya pili inapanda, kama unavyoitikia ulipoitwa na hukusikia vizuri: "Ee?" Ya tatu ndiyo ile ya chini. Ya nne inaanguka. Zaidi ya hizo iko sauti nyepesi isiyo na mkazo. Kila silabi ya neno ina toni yake, na ukiibadili toni umelibadili neno, kama vile katika Kiswahili ukibadili herufi. Mathalan silabi ma: mā ni mama, má ni mmea wa nyuzi kama katani, mǎ ni farasi, na mà ni kukaripia au kutukana.

Je, Kiswahili kinayo toni? Hapana. Kiswahili kina mkazo, nao kwa kawaida hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Yako maneno machache ambayo mkazo huyatenga. Mtu akisema "barabara" kwa kukaza ba ya pili, anasema juu ya njia ya magari. Akikaza ra ya kwanza, anasema kwamba jambo ni sawasawa kabisa. Kadhalika tunapanda sauti mwisho wa swali: "Amekuja?" Lakini neno lenyewe linabaki lile lile. Ndiyo sababu msemaji wa Kiswahili aliyeanza Kichina hupata taabu mara mbili: hasikii toni, na anapouliza swali anapandisha sauti kwa mazoea yake, na hapo kuuza kunaweza kuharibika. Wachina wana dawa ya jambo hilo. Mwisho wa swali wanaweka neno dogo ma, jepesi, lifanyalo kazi kama "je" yetu, ila yetu hutangulia na yao hufuata.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wa uwanda huu wa kati wanapopata mtaji ambao masomo karibu yote ya intaneti hayaujui. Cigogo ni lugha yenye toni. Kirangi ni lugha yenye toni. Kisandawe, ambacho si ndugu wa lugha hizo hata kidogo, nacho kina toni. Wengi wenu mlinyonya lugha hizo pamoja na maziwa ya mama, na tangu utotoni masikio yenu yamezoea kwamba sauti ikiwa juu au chini maana yaweza kugeuka. Hamkufundishwa hivyo darasani, na katika maandishi ya Cigogo toni kwa kawaida haiandikwi, kwa hiyo mtu aweza kuishi miaka 60 akiitumia kila siku bila kujua kwamba anayo. Tazameni pia muziki wetu. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, alizijulisha ilimba na zeze za Ugogo katika nchi nyingi za dunia. Mtu anayesawazisha vyuma vya ilimba mpaka viafikiane ana sikio ambalo mwalimu wa Kichina angelitamani.

Sisemi kwamba Mgogo atapata toni za Kichina bure. Toni za Kibantu kwa sehemu kubwa ni mambo ya juu na chini, na mara nyingi zinafanya kazi ya sarufi, kama kutenga wakati mmoja wa kitendo na mwingine. Za Kichina zinatembea ndani ya silabi moja, zinapanda na kuteremka. Mtu akizichukua za kwao na kuzibandika juu ya Kichina atakosea. Lakini amekwisha kuvuka mlango ambao wengine hukaa nje yake miezi mingi: anajua kwamba jambo hilo lipo na kwamba linawezekana. Kwa hiyo somo la kwanza la mtu mzima wa Dodoma lisianze na Uchina. Lianze na maneno mawili ya kwao yanayotengwa na sauti tu, ayaseme, ayasikie kwa mwenziwe, ndipo aletewe mǎi na mài.

Masomo mengi niliyoyasikia yanaanza na salamu 10 na habari za Ukuta Mkuu. Salamu ni adabu, sikatai. Lakini mtu aliyekariri salamu 10 bila sikio amejifunza kasuku tu, na siku Mchina akimjibu kwa neno jingine, mazungumzo yamekwisha.

Basi somo la sikio linatengenezwaje? Chukueni mfano huu. Sauti katika simu inasema neno moja, mǎi au mài. Kisha iko kimya, kiasi cha kuhesabu mpaka 3. Kimya hicho ndicho sehemu ya somo iliyo na thamani kuliko zote, maana hapo wewe unafanya kazi. Unaandika K ya kununua au Z ya kuuza. Baadaye sauti inatoa jibu, nawe unaweka alama ya vema au kosa. Maneno 20 yanapita hivyo kwa dakika 3 au 4. Kisha unahesabu. Aliyepata 11 asifurahi. Mtu aliyeziba masikio na kuandika kwa kubahatisha angepata kama 10, kwa sababu majibu ni mawili tu. Aliyepata 17 au zaidi, na akarudia kesho yake akapata hivyo tena, huyo amesikia. Somo la kujifunzia mwenyewe sharti likuonyeshe ulipokosea, kwa kuwa hakuna mwalimu wa kukuonyesha. Somo ambalo linasema tu, "Rudia baada yangu," kisha linakwenda zake, halijui kama ulirudia vizuri au ulikuwa unakohoa.

Jambo jingine ni sauti zenyewe. Zisiwe za mtu mmoja. Ukimsikiliza mwanamke mmoja tu, utaizoea sauti yake badala ya kuizoea toni, na siku utakapomsikia mzee mwenye sauti nzito utapotea. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 1999, wanafunzi Wamarekani walifundishwa kutenga toni za Kichina kwa kusikiliza wasemaji mbalimbali. Kwa majuma mawili tu kusikia kwao kuliongezeka kwa asilimia 21, na walipopimwa tena baada ya miezi 6 walikuwa hawajaipoteza faida hiyo. Na hao walikuwa watu ambao lugha yao haina toni hata moja.

Siku hizi ziko programu za simu zinazosikiliza sauti yako mwenyewe na kukupa alama. Zinafaa, lakini nisingeweka imani yangu yote hapo. Upepo, jogoo na watoto huzichanganya. Njia ya zamani ni imara: jirekodi kwa simu, kisha cheza sauti ya Mchina na yako, moja baada ya nyingine, na mpe mtu mwingine asikilize. Wa nyumbani kwako hatakuonea haya.

Baada ya sikio ndipo zije herufi. Wachina huandika kwa michoro yao, lakini mwaka 1958 serikali yao ilikubali pia mtindo wa kuandika matamshi kwa herufi za Kirumi, hizi hizi a, b, d mlizojifunza. Mtindo huo unaitwa Pinyin. Ni msaada mkubwa, tena ni mtego. Ni mtego zaidi kwa mtu aliyetoka juzi katika darasa la kisomo, kwa kuwa ameambiwa, na ni kweli, kwamba Kiswahili kinasomwa kama kilivyoandikwa. Katika Pinyin herufi zina kazi nyingine. Herufi q, ambayo haimo katika Kiswahili chetu, inakaribia ch. Herufi x iko kati ya s na sh. Herufi c ni kama kusema ts kwa pumzi. Kwa hiyo neno qián, yaani fedha, ukilisoma kama lilivyoandikwa hutapata fedha ya mtu ye yote.

Hapa tukitumie kile kipande cha karatasi. Kiongozi akishike mbele ya midomo yake na kusema "baba". Karatasi haitikisiki sana. Sasa aseme p kwa kupuliza kama anayezima mshumaa. Karatasi inaruka. Kichina kina bà, yaani baba, na pà, yaani kuogopa. Kinachoyatenga ni ile pumzi. B ya Pinyin ni kama p iliyozuiwa isipulize, na p ya Pinyin ni yenye kupuliza. Watu wa Mombasa na Lamu wanalijua jambo hili: wakitaja paa la nyumba hawapulizi, na wakimtaja paa wa porini wanapuliza kidogo. Nanyi Wagogo mnaposema wanhu, yaani watu, sikieni ile pumzi inayotoka baada ya n. Hamkuijua kuwa ni mali, lakini mnayo.

Je, ni vema kuandika Kichina kwa tahajia ya Kiswahili, kama vijitabu vingine vifanyavyo? Kwa siku tatu za kwanza sioni ubaya. Kuendelea hivyo ni hasara, maana alama za toni hupotea njiani, na mtu anabaki na "mai" moja isiyojulikana kama inanunua au inauza.

Na ile michoro? Kwa matayarisho inatosha kuijua michache, nayo ichaguliwe yenye maana kwa mkulima. Shamba ni 田, yaani mraba wenye matuta ndani yake. Mtu ni 人, amesimama kwa miguu yake miwili. Kununua ni 买, na kuuza ni 卖. Tazameni: kuuza ni kununua kulikovikwa alama juu yake, na alama hiyo, 十, ikisimama peke yake ni kumi. Hivyo jicho linaona kile ambacho sikio lilikuwa linakitafuta. Mnaokumbuka mkono ulivyotetemeka siku ya kwanza ya kushika penseli mtaielewa kazi hii kuliko msomi aliyesahau.

Sasa hesabu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu fedha huliwa hapa. Kuhesabu kwa Kichina ni rahisi kuliko kwa Kiswahili. Sisi tulichukua ishirini na thelathini kutoka kwa Waarabu. Wachina wanasema mbili-kumi, tatu-kumi, na kuendelea. Kumi na moja ni kumi-moja. Anayejua namba 1 mpaka 10 amekwisha kuhesabu mpaka 99. Lakini kuna mashimo mawili njiani. La kwanza: nne ni sì, na kumi ni shí. Kumi na nne ni shísì, na arobaini ni sìshí. Yasemeni pole pole, kisha upesi. Mtu asiyesikia toni, tena anayechanganya s na sh, atauliza bei ya kitu na kurudi na bei nyingine kichwani.

Shimo la pili ni kubwa zaidi. Sisi tukifika elfu tunahesabu kwa elfu: elfu 10, elfu 50, mpaka laki. Wachina wakifika elfu 10 wana neno jipya, wàn, na toka hapo wanahesabu kwa wàn. Laki moja kwao ni kumi za wàn. Milioni ni mia za wàn. Shilingi 350,000, ambayo sisi husema laki tatu na nusu, wao husema thelathini na tano za wàn. Mfanyabiashara akisikia thelathini na tano, akili yake ya Kiswahili inakwenda elfu 35. Sifuri moja imeanguka, na pamoja nayo mtaji. Wàn inastahili kupewa juma zima katika somo lililotengenezwa kwa ajili ya wafanyabiashara, watu wakiandika bei za gulio la kwao, mahindi ya Kibaigwa, ng'ombe, karanga, na kuzigeuza mpaka iwe desturi. Somo lililotengenezwa Ulaya halitafanya hivyo, kwa kuwa halijui laki ni nini.

Juu ya maneno ya kuhesabia nitapita upesi. Kichina hakina wingi kama wetu. Mtu na watu ni rén. Lakini kati ya namba na kitu wanaweka neno la kupimia. Watu watatu ni sān gè rén. Vitabu vitatu ni sān běn shū. Mwenye kujifunza aliyezoea Kiingereza hushangaa. Ninyi msishangae, maana mnasema mtu mmoja, kitabu kimoja, jembe moja. Ngeli zimekwisha kuwafundisha kwamba kila aina ya kitu ina adabu yake katika kuhesabiwa. Tena mnasema magunia matatu ya ufuta. Kwa Kichina ni sān dài zhīma, na dài ni gunia.

Tusema juu ya maisha ya mwanafunzi, maana somo zuri lisilofika halina faida. Sauti ya dakika 10 iliyobanwa vizuri huchukua megabaiti 2 au 3. Picha za sinema za dakika hizo hizo zaweza kuchukua megabaiti 70 na zaidi. Mtengenezaji anayemhurumia mtu wa Bahi atampa sauti na karatasi, yenye kupakuliwa mara moja mjini penye mtandao na kusikilizwa mara 20 shambani pasipo na mtandao. Kadhalika atatazama kalenda. Mvua ya uwanda huu huanza karibu na Desemba mpaka Aprili, na mtu aliyepalilia mtama tangu alfajiri hatasoma saa nzima usiku. Dakika 10 zamtosha. Somo kubwa na lianze baada ya mavuno. Wakati wa kilimo yafaa kuwe na kurudia tu: siku ya pili, siku ya nne, siku ya nane, kisha baada ya majuma mawili. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1885 kwamba mtu husahau upesi sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yanashinda marudio yaliyorundikwa siku moja.

Na neno "kujifunzia mwenyewe" lisiwadanganye. Haimaanishi upweke. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 wa nchi hii walijifunza kwa radio na kijitabu, lakini walikaa katika vikundi, na kiongozi wa kikundi hakuwa daktari. Aliwasha radio, akasoma kijitabu pamoja na wenziwe, wakazungumza, wakaamua, wakachimba vyoo. Katika Kichina pia watu wanne wenye simu moja watashinda watu wanne wenye simu nne. Mmoja anasema mǎi au mài huku akificha karatasi, na watatu wanaamua amesema lipi.

Jihadharini na ahadi. Ukiona tangazo linalosema utajua Kichina kwa siku 30, shika mfuko wako. Chuo cha serikali ya Marekani kinachofundisha mabalozi wao lugha za kigeni kimekadiria kwamba msemaji wa Kiingereza anahitaji saa 900 za darasani ili akijue Kiswahili vizuri, na saa 2,200 ili akijue Kichina. Angalieni pia mwaka wa somo. Uko mtihani wa Kichina uitwao HSK. Kwa utaratibu wa mwaka 2010 daraja lake la kwanza lilidai maneno 150. Kiwango kilichotangazwa mwaka 2021 kiliandika 500. Masomo ya zamani bado yamo katika intaneti, na hayana alama ya kusema yamezeeka. Kabla hujalipa, ulizia kwa mwalimu wa Kichina ni utaratibu upi unaotumika sasa.

Siku 30 zaweza kukupa nini basi? Zaweza kukupa sikio la toni 4, namba zote pamoja na wàn, maneno 40 au 50 ya kazi yako, na sentensi mbili ambazo nasema ni za lazima kuliko salamu zote. Ya kwanza, tīng bu dǒng: nimesikia, lakini sikuelewa. Ya pili, qǐng zài shuō yí biàn: tafadhali sema mara moja tena. Mwenye hizo mbili hatatikisa kichwa cha "ndiyo" mbele ya bei asiyoielewa.

Kazi ya juma hili ni hii. Kila mtu atafute nyumbani kwake, kwa msaada wa bibi au babu, maneno mawili ya Cigogo, Kirangi, Kisandawe au lugha nyingine ya kwao, yanayofanana kwa herufi na kutengana kwa sauti. Ayalete kikundini, ayaseme kwa kujificha nyuma ya mlango, na wengine waandike wamesikia lipi. Kiongozi ahesabu majibu ya vema, mara 20, kama nilivyoeleza.

Na hesabu moja ya kumalizia. Gunia la karanga limeuzwa shilingi 120,000. Mchina ataisemaje bei hiyo? Andikeni kabla ya kugeuza karatasi. Walioandika kumi na mbili za wàn wamepata. Walioandika mia na ishirini na wajaribu tena kwa bei ya mbuzi. Kwaherini mpaka juma lijalo.